Jiko la kuni lenye chimni: vile utafanya moto ukae muda mrefu na bado uwe mkali

Kama unaishi Molo, Elburgon, Mau Narok, Kuresoi ama hata upande wa juu wa Njoro unajua baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, na ndio maana nyumba nyingi huku ziko na lile jiko la chuma lenye chimni, wengine huliita dova, linapika chai na kupasha nyumba joto kwa wakati mmoja. Malalamiko nayo ni yale yale: kuni zinaisha haraka, moto ukiwa mkali unaisha saa moja tu, ukiupunguza ukae unageuka kuwa moshi bila joto. Watu wengi wamekubali kwamba lazima uchague kimoja. Mimi nakataa. Shida karibu yote iko kwa maji yaliyo ndani ya kuni na vile hewa inapita ndani ya jiko, na hayo mawili unaweza kuyarekebisha bila kununua jiko lingine.

Mwongozo huu ni wa hilo jiko la chimni. Wale wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega mnaotumia jiko kisasa nimewawekea yenu mwisho, maana kule mambo mengine ni kinyume kabisa.

Kabla ya hatua zenyewe, jua kinachoungua ni nini. Ukuni ukipata joto unatoa gesi, na zile ndimi za manjano unazoona ni hizo gesi zinawaka, ukuni wenyewe unabaki kuwa makaa ambayo yanawaka polepole baadaye. Zaidi ya nusu ya joto la kuni liko kwa gesi. Moshi ni gesi ambayo haikupata nafasi ya kuungua, kwa hivyo ukiona chimni yako inatoa moshi mzito wa kijivu jua hizo ni kuni zako ulizolipia zinapanda juu kwenda kuchafua nguo za jirani kwa kamba. Gesi ndio iungue inataka joto kali, kama digrii 600 kwenda juu, inataka hewa, na inataka muda kidogo wa kuchanganyika na hio hewa kabla haijafika kwa bomba. Basi. Kila kitu hapa chini kinatafuta kimoja cha hivyo vitatu.

Hatua ya 1: Kuni zikauke, na namaanisha zikauke

Hapa ndio nitakaa sana kwa sababu mtu akifanya hii hatua peke yake na aache zingine zote bado ataona tofauti.

Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Beba kilo 10 za blugamu mbichi na umebeba lita 4 ama 5 za maji ndani ya mbao. Ukizitupa kwa jiko, moto lazima kwanza uchemshe hayo maji yote yapande kwa chimni yakiwa mvuke, na hiyo kazi inakula joto ambalo lingekuwa lako, tena inapoza tumbo la jiko chini ya ile digrii gesi inataka ndio iwake. Kwa hivyo unapoteza mara mbili. Halafu mvuke ukifika juu kwa bomba baridi unashikana na moshi unakuwa ile lami nyeusi inayonuka inayodondoka kwa viungo vya chimni, sasa unapata kazi nyingine ya kusafisha. Kuni nzuri zinafaa ziwe na maji chini ya asilimia 20.

Pasua mapema. Gogo la mviringo lenye maganda halikauki, maji yanatokea kwa ncha mbili tu na maganda yamefunga kila mahali pengine, unaweza kuliweka mwaka mzima na ndani bado liko na unyevu. Lipasue likiwa bichi, haswa blugamu, kwa sababu ikikauka nzima inajikunja na shoka linaruka tu. Vipande vya kawaida viwe unene wa kiwiko cha mkono, na upasue vichache vinene kama paja, hivyo ni vya usiku ntakuja kuvieleza. Urefu uwe pungufu ya tumbo la jiko kwa inchi 2 ama 3, usiwe mtu wa kulazimisha mlango kufunga.

Halafu zipange. Weka mawe ama mbao mbili chini ndio kuni zisiguse udongo, panga ukiacha nafasi hewa ipite, mahali penye jua na upepo, si nyuma ya nyumba kwenye kivuli na ukungu. Juu funika na bati la zamani lenye kuwekewa mawe, pembeni acha wazi. Watu wanapenda kufunika lundo lote na turubai mpaka chini, hio unazifungia na jasho lake, ukifunua unapata zimeota uyoga. Ukitembea upande wa Kericho angalia vile viwanda vya chai vinapasua blugamu na kuipanga kwa mabanda yasiyo na kuta miezi mingi kabla ya kuichoma kwa boila. Hao wanalipia kila gogo na wanajua kuni mbichi ni hasara.

Sasa wakati. Huku kwetu mvua ndefu inaanza mwezi wa tatu, na nyanda za juu inaweza kuendelea mpaka wa nane, kwa hivyo dirisha la kukausha ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, jua kali na upepo mkavu. Nunua na upasue hapo. Saipresi na grevilea zilizopasuliwa vizuri zitakuwa tayari kwa miezi 3 ama 4, blugamu na muthanduku, ile akesia nyeusi ya mashamba, zipe miezi 6 hadi mwaka. Kununua kuni mwezi wa sita ati baridi imeanza ni kununua maji kwa bei ya kuni, na hapo ndio bei iko juu pia.

Kujua kama zimekauka, chukua vipande viwili uvigonganishe. Kavu vinalia kwa sauti nyembamba, kali, mbichi vinatoa ile sauti nzito ya tuf. Angalia ncha, kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje na maganda yanabanduka kwa mkono. Ukitaka uhakika tumia mizani ya jikoni: kata kipande katikati ya gogo, kipime, kiweke karibu na jiko palipo na joto siku kadhaa ukikipima kila siku mpaka uzito ukatae kushuka. Kikianza gramu 500 kikaishia 400 basi maji yalikuwa sehemu moja ya tano, hizo kuni ziko mpakani, zipe mwezi mwingine. Kila mara weka za kesho ndani ya nyumba kando ya jiko, lakini kwa umbali wa kama futi 3, zisije zikashika moto zenyewe mkiwa mmelala.

Hatua ya 2: Mti gani

Kilo moja ya mti wowote mkavu inatoa joto karibu sawa na kilo ya mti mwingine. Tofauti ni kwamba mti mzito unaingiza kilo nyingi kwa nafasi ile ile na unaacha makaa mengi. Kwa moto mrefu tafuta muthanduku, ama blugamu, ama mpera ukipata matawi. Grevilea ni ya katikati, nzuri kwa mchana. Saipresi na paini, zile ofkati, yaani mabaki, za mashine za mbao za Elburgon, ni za kuwashia na kuchemsha chai haraka, zinawaka kwa fujo na zinaisha. Tangu serikali itangaze kufungua ukataji wa miti mwaka wa 2023, baada ya marufuku ya 2018, ofkati zimekuwa rahisi kupata, lakini usijaribu kulala na moto wa ofkati.

Magunzi ya mahindi yaweke kwa gunia, ni kiwashio bora kuliko vyote na ni ya bure.

Usichome posti za fensi zenye rangi ya kijani, hizo zimetiwa dawa yenye aseniki, moshi wake ni sumu na jivu lake pia ni sumu. Mbao za rangi, vipande vya kabati za plaiwudi, patapata zilizokatika, chupa za plastiki, zote hapana. Juala zilipigwa marufuku 2017 na bado kuna mtu anawashia moto wa chai na kipande cha ndala, sielewi.

Hatua ya 3: Peleka jiko kwa fundi (ama mwite aje)

Majiko mengi ya jua kali ni sanduku la chuma lenye mlango mbele na tundu la chimni juu nyuma. Moto unawaka mbele, ndimi zinapanda moja kwa moja kuingia kwa bomba, unapasha mawingu joto. Ndani ya lile tundu ukiangalia usiku unaona bomba limeiva jekundu na nyumba bado ni baridi.

Dawa ni bamba la kuzuia. Ni kipande cha chuma nene, milimita 5 ama 6, kinawekwa ndani juu ya moto, kinaanzia ukuta wa nyuma na kuja mbele, kinaacha nafasi mbele tu karibu na mlango. Moshi sasa lazima uje mbele, uzunguke bamba, urudi nyuma juu yake ndio upate chimni. Hio safari ndio inapea gesi muda wa kuungua, na bamba lenyewe likiwa jekundu linarudishia moto joto. Fundi wengi wataogopa. Mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, ukiweka hii kitu moshi itarudi kwa nyumba."

"Haitarudi fundi, tuachie nafasi ya kutosha hapa mbele."

"Ya kutosha ni ngapi?"

Na hapo uwe na jibu. Ile nafasi isiwe ndogo kuliko mdomo wa bomba. Bomba la inchi 5 lina eneo la kama inchi 20 za mraba, kwa hivyo kama jiko lako ndani ni inchi 14 kwa upana, nafasi ya inchi 1 na nusu inakupa 21, inatosha. Bomba la inchi 6 ni kama 28, weka nafasi ya inchi 2 na kidogo. Ongeza kidogo juu ya hapo kama chimni yako ni fupi. Mwambie asiliweld, aliwekee vishikio vya kuegemea pembeni, kwa sababu bamba ndio litaungua kwanza na utataka kulitoa ubadilishe, tena masizi yanajaa juu yake na lazima uyafikie.

Ya pili, vaa jiko ndani. Chuma kitupu kinatoa joto nje haraka sana mpaka moto wenyewe unabaki baridi. Matofali ya moto ya hadiwea ni mazuri, panga chini na pande tatu mpaka karibu nusu ya urefu. Kama pesa imekataa, chukua udongo wa kichuguu, ule ule wa kukandika majiko, changanya na mchanga, kanda na maji kidogo, paka unene wa inchi 1 na nusu, uache ukauke polepole kivulini wiki moja ama mbili halafu uwashe moto mdogo mdogo kwanza. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza itapasuka yote. Na usiweke mawe ya mtoni, hayo yana maji ndani na yanaweza kupasuka kwa nguvu.

Ya tatu, hewa ya juu. Hewa ya chini inawasha makaa, lakini gesi zinataka hewa yao huko juu karibu na bamba. Fundi anaweza kupitisha paipu ya nusu inchi kwa ukuta wa nyuma ndani, chini kidogo ya bamba, mdomo wake ukiwa nje ya jiko na mwili wake umetobolewa matundu madogo ya milimita 4 kwa mstari. Hewa inaingia ikiwa imepashwa joto na utaona ndimi zinatokea hapo kwa matundu peke yake hewani, inapendeza sana kuangalia. Kama hio ni kazi kubwa, matundu machache juu ya mlango na kifuniko cha kusukuma kitasaidia kiasi.

Mwisho, ziba kila mahali pengine. Huwezi kutawala moto kama hewa inaingia inakotaka. Funga mlango na noti ya mia katikati, ivute, ikitoka bila kushikwa mlango unavuja. Kuna kamba ya fibaglasi ya milango ya majiko, kama huipati paka udongo laini uliochanganywa na jivu kwa fremu, paka mlango mafuta kidogo usishike, ufunge, uache upige chapa yake. Utarudia kila baada ya muda lakini ni bure.

Hatua ya 4: Chimni

Chimni ndio injini. Hewa moto ikipanda inavuta nyingine iingie kwa mlango. Fupi haivuti, iliyopinda pinda haivuti, na yenye kupunguzwa kipimo katikati ati kwa sababu bomba la inchi 5 liliisha dukani ikawekwa la 4 haivuti. Tafuta urefu wa futi 15 hivi kutoka jiko mpaka juu, kona chache iwezekanavyo, na kichwa kipite mgongo wa paa, kikiwa chini ya mgongo upepo wa jioni utakuwa unarudisha moshi.

Kitu kimoja fundi huweka vibaya: viungo. Ule upande mwembamba wa bomba unaoingia ndani ya mwingine uangalie chini, ndio lami ikiteremka inabaki ndani na kurudi kwa moto kuungua. Ukiweka kinyume itatoka nje kwa kila kiungo ichafue ukuta. Bomba la ukuta mmoja likae mbali na mbao za paa na siling'i, inchi 18 si nyingi.

Kusafisha, wakati wa baridi angalia kila mwezi. Gonga bomba na kifundo cha kidole: likilia kwa sauti ya bati tupu liko sawa, likitoa sauti ya kuziba lina masizi. Lishushe likiwa baridi, liinamishe juu ya gunia, lipige pige na fimbo. Masizi makavu ya unga yanaanguka tu, hayo ni ya kawaida. Ukipata tabaka gumu linalong'aa, hio ni lami imekauka na inaweza kushika moto ndani ya bomba, utasikia mngurumo mkubwa na paa liko hatarini. Ikitokea funga hewa yote ya jiko, toa watu nje, usimwage maji kwa bomba. Na ukiona lami nyingi rudi hatua ya 1, kuni zako ni mbichi ama unabana hewa mapema.

Hatua ya 5: Kuwasha kutoka juu

Wazee watacheka lakini jaribu. Weka vipande viwili vitatu vinene chini, juu yake vya saizi ya kati ukivikingamisha, juu kabisa vijiti vya saipresi na magunzi. Washa hapo juu. Fungua hewa yote, mlango uache wazi kidogo dakika chache mpaka chimni ishike. Moto unateremka wenyewe, na gesi zinazotoka kwa vipande vya chini zinapita ndani ya ndimi zilizo juu, zinaungua. Ukiwasha kutoka chini, kuni zote za juu zinaanza kutoa moshi kabla jiko halijapata joto. Mafuta taa usiongeze kamwe kwa moto uliokwisha kuwaka ama makaa, hio imeunguza watu uso.

Hatua ya 6: Kuongeza kuni, hapa ndio saa zinapatikana

Usiongeze kijiti kimoja kila dakika kumi. Kila ukifungua mlango unaingiza hewa baridi na unapoza ile joto umejenga. Ngoja ndimi ziishe ubaki na makaa mekundu ya unene wa inchi 2 hivi. Vuta makaa yote mbele karibu na tundu la hewa. Nyuma yake panga vipande vinene, vitatu vinashinda vinane vyembamba, vibanane, kwa sababu moto unakula kutoka nje kwenda ndani na vikibanana unapata sehemu chache za kuliwa.

Halafu fungua hewa yote. Dakika 10 mpaka 20. Hapa ndio watu wengi wanaharibu, wanaweka kuni na kufunga hewa papo hapo wakidhani wanaokoa kuni. Ukifanya hivyo zinatoa gesi bila kuwaka, chimni inajaa lami, na ukija kufungua mlango ghafla hewa inakutana na ile gesi yote, buf, nyusi zimeenda. Ngoja mpaka kila kipande kiwe cheusi kingo zote na ndimi zimekolea, ndio upunguze hewa nusu. Toka nje uangalie chimni. Kama hakuna moshi, unaona tu joto linacheza juu ya bomba, ngoja dakika 5 ama 10, punguza tena ifike robo. Unataka ndimi za polepole zinazocheza chini ya bamba. Zikizima na ndani kuwe giza umepita, rudisha kidogo. Kila jiko lina mahali pake, ukishapapata piga alama na chaki kwa kishikio.

Jiko la saizi ya kawaida, kuni kavu za muthanduku, bamba ndani, mtu anapata saa 3 ama 4 za joto zuri kwa kujaza mara moja na baada ya hapo makaa bado.

Hatua ya 7: Usiku

Hapa ndio vile vipande vya paja. Saa mbili na nusu ama tatu, wakati makaa ni mengi, panga viwili ama vitatu nyuma, vibanane, vipe hewa yote mpaka viwe vyeusi, ndio upunguze hatua kwa hatua mpaka chini kidogo ya robo. Usilale kabla ya hapo. Asubuhi utapata makaa chini ya jivu, yavute mbele, magunzi matatu, fungua hewa, chai iko njiani bila kiberiti.

Usifunge hewa kabisa, na kama bomba lako lina dampa, kile kibati cha ndani cha kubana moshi, hakikisha fundi ameikata pembe ndio isiweze kuziba bomba lote. Makaa yakikosa hewa na njia ya kutokea yanatoa hewa ya sumu ya kaboni, haina harufu, haina rangi, unalala na huamki. Mkianza kuumwa na kichwa nyumba nzima wakati mmoja fungua mlango na mtoke nje kwanza. Kwa hio sababu jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata dakika moja, hata baridi ikiwa vipi. Lile halina chimni.

Jivu

Bakisha jivu la inchi moja chini ya jiko lisilo na wavu, linahifadhi makaa. La ziada litoe kwa debe la chuma lenye kifuniko, liweke nje kwa simiti, makaa madogo yanaweza kuishi ndani siku mbili na zaidi. Baadaye ni zuri kwa sukuma wiki na choo cha shimo. Kwa viazi usimwage, na najua Molo kila mtu ana viazi: jivu linapunguza asidi ya udongo na ule ugonjwa wa magamba kwa viazi unapenda hivyo.

Jiko kisasa: Kisumu, Siaya, Kakamega na Vihiga

Huku baridi si shida, shida ni kupika, na lile jiko la chungu cha udongo ambalo vikundi vya akina mama huku magharibi wamekuwa wakifinyanga kwa miaka mingi halitaki kujazwa. Sahau vipande vya paja. Tumia vijiti vya unene wa kidole gumba, viwili ama vitatu, ncha tu ndio ziwe ndani na uwe unazisukuma zikiisha. Weka kipande cha tofali mdomoni ndio vijiti viegemee juu yake na hewa ipite chini, hio peke yake inapunguza moshi hapo hapo. Ukijaza mdomo wote na kuni umeziba mlango wa hewa.

Kukausha kule ni kugumu kuliko Nakuru, Kakamega inanyesha karibu mwaka mzima, kwa hivyo tumia ile dari ya vijiti juu ya jiko, panga za wiki ijayo hapo. Asao, ile sesbania, na matawi ya grevilea yanakauka haraka yakiwa membamba. Kasia na mpera ni za maharagwe.

Na juu ya maharagwe na githeri: kadiri unavyopanda milima ndivyo maji yanachemka kwa joto la chini, Kisumu ni kama digrii 96, Nakuru mjini 94, Molo 92 hivi. Ndio maana githeri ya Molo inachukua siku. Lakini maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyafanyi yawe moto zaidi, yanakauka tu haraka na unarudi kumwaga mengine baridi. Loweka usiku, chemsha kwa nguvu nusu saa, halafu vuta vijiti nje ubakishe kimoja, funika sufuria na uweke jiwe juu ya kifuniko, ama ihamishe ikiwa bado inatokota kwa kile kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, ifunge vizuri na uende shamba. Ukirudi, irudishe kwa moto ichemke kidogo kabla ya kupakua.